Gari Refu na Mama Mkwe

Gari langu la zamani lilikuwa likikwaruza tumbo kwenye mawe ya barabara ya Mtae kila safari, nikachoka. Nikanunua springi ndefu na shokapu zake ili niliinue, nikalala chini yake siku tatu pale nyumbani Lushoto, nikitukana kila nati yenye kutu.

Nilikuwa nakaza nati ya mwisho nilipoona ndala na pindo la kanga karibu na tairi. Mama mkwe. Basi la Mtae lilikuwa limemwacha, amekuja nimrudishe kwake. "Shikamoo mama," nikasema nikiwa chali. Hakuitika. Shikamoo haitolewi kwa nyayo. Nikatoka, nikainama na grisi zangu, nikarudia.

"Marahaba, baba."

Nikamfungulia mlango kwa majivuno. Sakafu ya gari ilimfika kiunoni. Nikaleta kigoda; akaweka mguu, kikayumba kwenye mteremko, akashuka. Mtu mwingine angemshika mkono tu, yakaisha. Lakini nyumbani kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, na mke wangu alikuwa sokoni Mlalo, simu haipatikani. Nikabaki nimesimama, mikono nimeificha nyuma kama mwizi. Yeye akatazama milima kana kwamba hajaona kitu, na hilo lilinikera kuliko kama angenitukana.

"Limekuwa refu, baba," akasema mwishowe, kwa upole. Akakalia kile kigoda. "Nitangoja."

Nikachukua spana, nikarudi chini ya gari kuzifungua nati zile zile.