Nilisema Tu Ile Nyumba ya Tatu ni Nzuri, Sasa Niko Eda na Binti Yangu Ameshailipia

Ijumaa, Morogoro.

Dada wa ukurasa huu, asalaam alaykum. Naomba ulifiche jina langu, maana wifi yangu ana wajukuu wanaosoma huku kila siku. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nimezaliwa huko juu milimani Uluguru, nimeolewa hapa mjini. Shule niliishia darasa la saba, mnisamehe nikizunguka.

Mume wangu amefariki, nami niko ndani ya eda. Alikuwa dereva, akishusha mboga kutoka Mgeta. Msimu wa pichi alikuwa akinijazia kwenye mikono ya sweta lake, anafunga fundo mwishoni zisimwagike, akifika anautupia mezani mkono mmoja uliovimba kama umefungwa bandeji na kusema, "Mgonjwa wako huyo, mfungue." Sweta bado liko msumarini. Sijalifua.

Alitutoka asubuhi hapo sebuleni, na kabla ya alasiri akawa ameshazikwa, kama ilivyo kwetu. Binti yetu wa pekee, nitamwita Rehema, alikuwa Mtwara kikazi. Anashuka stendi ya Msamvu, watu walikuwa wanaosha masufuria. Uso wa baba yake hakuuona. Siku alizokaa msibani alilala kwa jirani, akaniambia, "Mama, nyumba ile siwezi. Nikifumba macho nasikia kandambili za baba zinatoka chumbani." Kisha akarudi kwake Dar. Sasa anamfuata mumewe Muscat, na safari yake iko kabla eda yangu haijaisha. Hajui atarudi lini.

Siku moja mchana akanitumia kwenye simu picha za nyumba tatu, zote za mapumziko huko Unguja. Ziko karibu na Mji Mkongwe lakini zimejitenga, huoni mtu wala husikii pikipiki, kila moja ina ukuta wake, bwawa lake na mpishi wake. Akauliza, "Mama, ipi nzuri?" Mimi nilikuwa nimekaa na wageni wa kutoa pole, chumba kimejaa, mmoja ananisimulia mumewe alivyokufa. Nikatazama. Ya tatu ilikuwa na kibaraza chenye viti viwili vya kamba vilivyogeukiana, kama viwili vyetu vya uani. Nikamwandikia, "Ya tatu." Wallahi nilijibu uzuri tu. Jioni akapiga anacheka na kulia: "Nimeshalipa, mama. Tunaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Treni mpaka Dar, kisha boti. Siku nne, mimi na wewe tu."

Nikamwambia, "Rehema, mimi niko eda."

Akasema, "Nimelifikiria hilo. Eda si kukaa ndani? Kule ni ndani kuliko hapo kwako. Nimewauliza, watatuhudumia wanawake watupu. Hapo kwako kila anayepita njia anaingia kukutazama umekondaje."

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa pembeni yangu akichambua mchicha. Tangu msiba yupo nami, analala chini kwenye mkeka ili nisilale peke yangu. Akaichukua simu.

"Rehema, hujambo mwanangu. Hilo bwawa ni la nini?"

"Shikamoo shangazi. Ni la kuogelea, lakini hakuna atakayeogelea."

"Ahaa. Basi mtafugia kambale."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu tulipozika. Yeye hakucheka. Alipokata simu akaniambia taratibu, "Wifi, najua kwenu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Huyo ni wenu, sikatai. Lakini aliyeko kaburini ni wa kwetu. Ukienda, mlangoni sitakuzuia. Ila ukirudi hutanikuta, wala usinitafute."

Tukamuuliza ustadhi. Akasema mjane akiwa na dharura anaweza kutoka mchana, lakini usiku alale nyumbani kwake. Wifi akaitikia amina kwa sauti. Nikampigia Rehema, nikamwambia aje yeye, tulale wote hata jikoni. Akasema, "Ustadhi amesema dharura. Baba nilimkosa, na wewe nakuacha. Mama, mimi siyo dharura?"

Nikamwambia nitampigia. Mpaka leo sijampigia.

Mimi simdharau Mungu, na mume wangu nilimpenda. Lakini niwaambie ukweli, picha ile naifungua kila wifi akienda kuswali. Hapa ndani sijapata kulia peke yangu. Nikilia, mikono mitatu inanishika. Dirishani naona milima, najua njia ya kwenda kwa mama yangu inakopindia, na hata huko siendi. Nikikaa, binti yangu ataondoka nchini akiamini nilichagua ukuta huu badala yake. Nikienda, nampoteza mwanamke aliyeniogesha siku ile nilipokuwa siwezi hata kusimama, na nitakaa kwenye kile kiti nikijua kila usiku ninaolala kule ni deni kwa Mungu.

Jana wifi alilitoa lile sweta msumarini, akalikunja bila kulifua, akaniwekea mapajani. Sijui ananiaga au ananiruhusu, nami naogopa kumuuliza.

Ndugu zangu, na hasa akina mama mliowahi kukaa eda, na nyinyi mabinti mliochelewa kumzika mzazi, niambieni nimpe Rehema jibu gani. Jumamosi haiko mbali. Mkishanishauri, mnikumbuke kwenye dua zenu, na marehemu pia. Alikuwa dereva wa mboga, mtu wa pichi.