Kosa Lililowekwa kwa Mkono

Kule Kesses, mwulize mwanafunzi yeyote ni nani anayeweza kutengeneza kompyuta iliyogoma, atakuelekeza kwa Isaiah Kigen, kisha atakuonya. "Ni fundi kabisa," atakuambia, "lakini huyo mzee ana mdomo." Na si uongo. Isaiah hakuzaliwa kubembeleza watu. Ukimletea mashine na kudai imejiharibikia yenyewe, atakutazama juu ya miwani mpaka uikumbuke ile chai uliyoimwagia.

Alikuwa na imani mbili: ya kanisani, ambayo aliirithi kwa mamake, na ya meza yake ya kazi, ambayo aliitafuta mwenyewe. Hii ya pili ilisema kwamba hakuna kosa lisilo na chanzo. Mtandao ukikatika, kuna mahali umekatikia, na kazi ya fundi ni kwenda pole pole bila kuruka hatua mpaka apafikie. Kompyuta zake zote aliziwekea mfumo wa Linux, kwa sababu, alisema, Linux haina unafiki. Ukiiuliza vizuri itakujibu, ukiiuliza ovyo itakukemea. Alimlea binti yake Jemutai kwa maneno hayo, pamoja na sheria moja ambayo hakumsamehe mtu aliyeivunja: ukibadilisha kitu ndani ya mashine, andika hapo hapo jina lako na sababu yako, ili anayekuja nyuma asipapase gizani.

Basi Jumamosi hii ninayoisimulia, mtu huyu hakuwa na raha. Mwanawe wa kwanza, Kipyego, alikuwa mlinzi katika mji mmoja wa Uarabuni. Wiki hiyo alikuwa ameanguka kazini akijishika tumbo, akalazwa. Alipompigia babake simu, sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini alijaribu kucheka. Alisema madaktari watampasua Ijumaa. "Nikiamka tu nitakuandikia, Baba. Wewe kaa karibu na WhatsApp."

Isaiah alikaa nayo karibu. Alikula nayo karibu, akalala nayo kifuani. Halafu alfajiri ya Jumamosi mkewe Esther akamwomba hiyo simu. Yake, alisema, ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maziwa, na kulikuwa na mama wa kanisa aliyemtafuta.

"Na Kipyego akiandika?"

"Nitakuita. Sasa nitakosa kukuita kweli?" Alisema hayo akiwa amempa mgongo, akikoroga uji ambao ulikuwa umeiva kitambo. "Si uende Cheptiret umalizie ile printa ya duka la dawa za ng'ombe? Enda, Baba Kipyego. Kazi itakutuliza."

Akaenda. Mtu akiwa na wasiwasi ni rahisi kutumwa. Lakini kule Cheptiret alikuta duka limefungwa, mwenyewe yuko mazishini, na kabla ya saa sita Isaiah alikuwa amerudi nyumbani, mapema kuliko mtu yeyote alivyomtarajia.

Esther hakuwepo. Jemutai naye hakuonekana. Viti vya sebuleni vilikuwa vimetolewa vyote nje na kupangwa kwenye nyasi, na nyumba ilifagiliwa mpaka ikawa na mwangwi. Isaiah aliona, akasema moyoni kwamba ni chama cha akina mama, ingawa chama kilikuwa kimefanyika kwao mwezi uliopita tu. Hakutaka kufikiria viti. Alitaka kumwona mwanawe ameandika. Akaingia chumba chake cha kazi, akafungua kompyuta, ambayo ilikuwa imeunganishwa na WhatsApp ya simu yake, akangoja.

Haikufungua kitu. Pale juu kwenye kona, mahali pa alama ya Wi-Fi, palikuwa patupu.

Alisonya. Mganga hajigangi, wanasema, lakini Isaiah hakuwa na mganga mwingine wa kumwita. Akaanza mwanzo, kama alivyowafundisha watu. Akaenda kuitazama ruta: taa zote zilikuwa kijani. Kutoka nyuma, kwenye vyumba alivyowapangisha wanafunzi, alisikia video ikicheza na watu wakicheka. Mtandao upo, basi. Unafika kwa watu wote isipokuwa kwake. Akazima kompyuta, akaiwasha. Patupu. Akaiuliza kwa amri kama redio yake ya Wi-Fi imezimwa, maana mara nyingine mtu hubonyeza kitufe bila kujua. Ikajibu kwamba haijazimwa.

"Sawa," alisema kwa sauti. "Tutumie waya."

Waya wa mtandao aliutundika siku zote kwenye msumari nyuma ya mlango. Msumari ulikuwepo. Waya haukuwepo. Isaiah aliutazama ule msumari kwa muda mrefu kuliko msumari unavyostahili kutazamwa, kisha akatafuta chini ya meza, ndani ya masanduku, hata jikoni kama mjinga. Hapakuwa na waya hata mmoja katika nyumba ya fundi.

Hapo ndipo hofu ilipomgusa mara ya kwanza. Aliisukuma kando. Akavuka barabara hadi kwa Mama Nyakio, mwanamke aliyekuja na wazazi wake kutoka upande wa Murang'a miaka mingi nyuma na kufungua duka linalotazamana na lango la Isaiah. Walizoeana kwa matani. Kila asubuhi alimwita Isaiah mchawi wa waya, naye alimwita yeye gavana wa sukari.

"Mama Nyakio, nisaidie simu kidogo. Nataka kujua kijana ameamkaje."

"Ai, Mzee Kigen." Leo hapakuwa na matani. "Haina bando. Hata credit imeisha."

Simu yake ilikuwa mezani, mbele yao wote wawili, ikiwaka na kutetemeka, ujumbe juu ya ujumbe. Mama Nyakio aliifunika kwa kitambaa cha kupangusia meza. Kisha akainama, akatoa sukari, pakiti kwa pakiti, na majani ya chai, akajaza mfuko mkubwa mpaka ukakaribia kupasuka.

"Pelekea Mama Kipyego."

"Hatujaagiza sukari."

"Najua. Wewe peleka tu. Hiyo ni yangu." Na akageuka kupanga mikebe ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

Akirudi, alipishana langoni na wanawake wa kanisa waliobeba sufuria kubwa, ile ya kupikia wageni wengi. Walikuwa wakizungumza, walipomwona wakanyamaza. Wakaweka sufuria chini ili wamsalimie kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemwuliza habari ya nyumbani. Isaiah alibaki na mfuko wa sukari ukimkata vidole. Dalili ya mvua ni mawingu, na mtu huyu alikuwa amesimama chini ya wingu zima akijiambia ni moshi wa jikoni. Simlaumu. Ningefanya hivyo hivyo.

Akarudi kwa mashine, maana mashine angalau ilikuwa na njia ya kuulizwa. Akaiuliza kama inaiona kadi yake ya Wi-Fi. Ikaitaja, jina na namba. Kwa hivyo kadi ni nzima. Akaiuliza ni draiva gani, ile programu ndogo, inayoiendesha kadi hiyo. Hakuna. Draiva ipo, haijapakiwa. Akaandika amri ya kuipakia, akabonyeza.

Mashine haikukataa. Haikukubali pia. Ilishuka mstari mmoja, ikanyamaza.

Mashine mbovu hulalamika. Inatapika maneno mpaka uchoke kuyasoma. Hii haikuwa mbovu. Hii ilikuwa imeambiwa inyamaze. Na aliyeiambia alikuwa mtu anayejua, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa safi, bila fujo, kama ambavyo yeye mwenyewe angeifanya.

Akafungua folda ambamo maagizo ya draiva huwekwa. Kulikuwa na faili moja jipya, la asubuhi hiyo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na mistari miwili. Wa pili ulikuwa ile amri, kwamba draiva ya Wi-Fi ikiitwa, isifanye kitu. Wa kwanza ulikuwa maelezo, kwa sheria ya nyumba hiyo:

# Jemutai. Sababu:

Na baada ya hapo, hakuna neno.

Isaiah alivua miwani. Kwa watu wake, kifo hakisemwi kwa waya. Hilo lilikuwepo kabla ya simu na halikuondoka simu zilipokuja. Mtu hasomi habari ya namna hiyo peke yake kwenye kioo. Anaketishwa, anazungukwa, na mkubwa wa ukoo anamwambia kwa kinywa chake. Siku ile mume wa jirani yao Chepkirui alipogongwa barabarani akafa, wazee walimwendea Isaiah kisirisiri. Walimwomba azime mtandao wa nyumba ile, mama asije akakutana na picha kabla hawajafika. Alienda, akajifanya anakagua ruta, akazima. Jemutai alikuwa amemfuata akibeba mkoba wa vifaa. Walipotoka alimwambia binti yake, "Hii pia ni kazi ya fundi."

Alikuwa mwanafunzi mzuri, Jemutai. Alijua babake angeng'oa kila kitu mpaka apate, kwa hivyo hakugusa ruta, ambayo wanafunzi wangeipigia kelele. Aliondoa waya, akaifunga kompyuta kwa ndani, akaiacha. Ila sheria ya kuandika sababu hakuweza kuivunja, wala hakuweza kuitimiza.

Hata hivyo moyo wa mzazi ni mkaidi. Labda ni damu tu inahitajika, Isaiah alijiambia. Labda amepasuliwa vibaya lakini yuko hai, na wanataka kuniambia taratibu. Labda sasa hivi kuna ujumbe wake umelala mahali, ukinisubiri, "Baba, nimeamka." Akaweka alama moja mbele ya ile amri ili isifanye kazi tena, akahifadhi. Akaandika amri ya kupakia draiva. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza tu, na mtandao ungerudi, na pamoja nao kila kitu kilichosemwa duniani tangu alfajiri. Kidole kikawa juu ya kitufe.

"Baba."

Jemutai alikuwa mlangoni. Macho yake yalikuwa yamevimba, na ule waya wa mtandao ulining'inia mkononi mwake.

"Ni wewe uliandika hii?"

"Ni mimi, Baba."

"Hujamaliza sababu."

Alitikisa kichwa. "Baba mkubwa ako njiani. Ako tu hapo kwa lami," alisema. "Tafadhali, Baba. Ngojea wafike."

Nje gari liliingia uani, milango ikafunguliwa na kufungwa kwa upole, kama watu wanavyofunga mahali penye mtoto aliyelala. Kupitia dirishani Isaiah alimwona kaka yake mkubwa, Simeon, akishuka na kofia mkononi. Alimwona Esther katikati ya wanawake, leso kichwani, wamemshika pande zote mbili. Simu ya Isaiah mwenyewe ilikuwa mkononi mwa Esther, imezimwa, ameikumbatia kifuani.

Isaiah alirudi kwenye kioo cha kompyuta. Akafuta ile amri aliyokuwa ameandika, herufi kwa herufi. Akafungua lile faili, akaitoa alama yake, akaiacha amri ya binti yake ifanye kazi kama alivyoiweka. Miaka yote hiyo Isaiah Kigen hakuwahi kuondoka mezani akiacha kosa. Leo alilirudisha kwa mkono wake, akalihifadhi, akafunika kompyuta.

"Umefanya vizuri," alimwambia Jemutai, akatoka naye nje.

Walikuwa wamemwekea kiti chake katikati ya vile vingine. Alikaa. Wazee wakakaa pande zote, wanawake wakabaki wamesimama, na Simeon akaketi mbele yake, magoti yakikaribiana. Simeon alimpa mkono na hakuuachia.

"Isaiah, hamjambo hapa?"

"Hatujambo, kaka."

"Mvua imenyesha huku kwenu?"

Isaiah alikuwa mtu wa kukatiza watu. Wateja walipomzungushia maneno aliwaambia waende moja kwa moja kwa shida. Sasa alielewa kwamba habari hii itafika mwisho wa maswali, na kwamba kabla ya mwisho huo Kipyego wake bado hajasemwa.

"Imenyesha. Si mbaya."

"Na mahindi?"

"Yamefika magotini. Yale ya chini, ya mtoni, ndiyo yamekuwa manjano kidogo."

"Ulitia mbolea?"

"Nilitia. Nafikiri nitaongeza." Alijibu kila kitu, kwa utaratibu, akimtazama kaka yake machoni. Maswali ya Simeon yakaisha. Mzee akashusha pumzi, akakaza mkono wa ndugu yake, akainua kichwa ili aanze.

"Na ng'ombe wako, kaka," Isaiah akauliza haraka. "Ile nyekundu, imezaa?"