Mstari wa Maji

Fundi anapaka chokaa korido ya nyumba tunayopanga hapa Bellevue, nchi ya ugenini, na harufu ya chokaa hiyo imenipandisha hasira kabla sijamaliza chai.

Shuleni kwetu, kando ya mto, padri alitufundisha habari za mji wake mdogo wa Italia: daraja la mawe, mnara wa kengele, na ukuta wa kanisa uliochongwa mistari kuonyesha maji yalifika wapi kila mto ulipofurika. Mistari ile niliipenda kuliko hadithi yoyote.

Kisha mto wetu ukafurika, ukamchukua mdogo wangu wa kike. Maji yalipopungua, nilipanda benchi nikachora mstari kwa mkaa pale yalipofika kwenye ukuta wa kanisa letu, nikaandika jina lake.

"Nani kachafua ukuta?"

"Mimi, padri. Ni mstari wa maji, kama kule kwenu."

"Kule ni historia. Huu ni uchafu."

Akanipa ndoo ya chokaa. Nilipaka mpaka jina likapotea, mama akitazama kutoka uani. Nikarudisha brashi, na darasani sikurudi tena.

"Eish, kaka! Umechafua ukuta, haujakauka!" fundi analalamika.

Kiganja changu kimo ndani ya chokaa mbichi. Sikiondoi.