Mlimpigia Deusi Makofi kwa Jibu Langu

Ndugu zangu wa Kidato cha Pili, leo nimelimishwa matuta kumi kwa kosa la kupata hesabu!

Nabandika haya kwenye gazeti letu la ukutani kabla udongo haujanikauka mikononi.

Mlikuwepo. Mwalimu aliandika ubaoni 2y = 6x + 4, akasema mteremko wa mstari huo ni sita.

Nikanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu, y ina mbili mbele yake. Tukigawanya kila kitu kwa mbili tunapata y = 3x + 2. Mteremko ni tatu."

"Msichana mbishi wewe! Chukua jembe, nenda shambani!"

Nikaenda. Na mvua hii ya Ufipa mnaijua.

Narudi, nimefika mlangoni tu, namsikia Deusi: "Ni tatu, Mwalimu. Tunagawanya kwa mbili."

"Safi sana! Mpigieni makofi!"

Na mkapiga. Darasa zima! Hata wewe Skola, ninayekaa nawe dawati moja!

Mwalimu ni mwalimu. Mimi nawauliza nyinyi.

Nimeacha nafasi hapa chini. Kila aliyepiga makofi aandike jina lake.

Penseli nimeifunga kwa uzi hapo pembeni, msije mkasema hamkuwa nayo.