Somo Nililolikana

Nakumbuka siku moja ya miaka ya tisini, mwanangu, niliposimama mbele ya wahadhiri wenzangu nikalikana somo langu mwenyewe.

Nilikuwa bado kijana. Nilikuwa nimepanga chumba katika mtaa wa Kahawa Sukari, nje kidogo ya Nairobi, na kuajiriwa chuo kikuu cha karibu kufundisha uchumi. Nikaruhusiwa kuongeza somo moja la hiari, uchumi kwa mtazamo wa Kiislamu. Nilikuwa na wanafunzi sita. Niliwafundisha kwa nini riba imekatazwa, na jinsi mwenye mtaji na mwenye kufanya kazi wanavyoweza kugawana faida, na hasara pia. Idarani nilikuwa Mwislamu pekee, na mwanamke pekee. Wenzangu hawakuwa watu wabaya. Walinisalimia vizuri, kisha wakaenda kula pamoja, nami nikala changu ofisini. Upweke, mwanangu, hukufanya utamani kukaa hata na watu ambao huna la kuongea nao.

Siku hiyo kikao kilikuwa cha kupunguza masomo. Mkuu wa idara aliniuliza, kwa upole kabisa, kama somo langu ni uchumi kweli au ni mahubiri. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelifundisha muhula mzima. Lakini niliwatazama wale watu niliotamani siku moja waniite twende tukale, nikacheka kidogo, nikasema ni historia tu ya mawazo ya zamani, na likiondolewa hakuna kitakachoharibika.

Likaondolewa. Walitoka wakiongea, wakaenda kula. Hakuna aliyeniita.

Mwakilishi wa wanafunzi kwenye kikao kile alikuwa Wambui, mmoja wa wale sita. Hakuwa Mwislamu, alilichagua somo kwa hamu ya kujua tu. Alinisubiri nje.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nimeandika vile nitalitetea," akasema. "Sasa nitawaambia nini wenzangu?"



Jumamosi nilienda Thika kwa shangazi yangu Zuhura, mshonaji wa mtaa wa Landless aliyenilea. Hakusoma zaidi ya madrasa, lakini nilipomsimulia yaliyotokea alisimamisha cherehani.

"Uliogopa nini?"

"Kuachwa peke yangu, shangazi."

"Na Jumatatu utakula na nani?"

Aliendelea kushona, nami nikakaa kitandani kwake nikilia kama mtoto.

Jumatatu niliwakusanya wale sita nikawaomba radhi. Kisha nikamwandikia mkuu wa idara kwamba nililolisema halikuwa kweli. Alinijibu kwa heshima kwamba uamuzi ulishapita. Somo halikurudi miaka yangu yote pale. Nilianza kulifundisha Jumamosi katika chumba cha madrasa kule Ruiru. Walikuja watatu, baadaye akabaki Wambui peke yake, mpaka alipohitimu. Baada ya hapo nilikaa na vitabu vyangu tu.

Mwanangu, nawe utafika mahali ambapo hakuna anayefanana nawe. Usikipunguze unachokijua ili upendwe. Wakikupenda kwa uongo huo watakuwa wamempenda mtu mwingine, na wewe utabaki nje vilevile. Sema unachokiamini, kwa adabu, mara ya kwanza unapoulizwa, maana huenda usiulizwe tena.

Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi mkweli na moyo wa kuustahimili, na popote utakapokuwa akupe japo mtu mmoja wa kula naye. Amina.