Sahani ya Mama Mlangoni

Mimi ni mama ntilie wa Katoro, na sioni aibu kusema kwamba napika vizuri. Wachimbaji wanatoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wakiwa weupe kwa vumbi la mawe, wanasema, "Mama, weka na ukoko," na mtu akibakiza ugali kwangu namuuliza anaumwa nini. Ndiyo maana jambo hili lilinichoma kuliko ambavyo lingemchoma mwingine. Nalisha watu ambao hata majina yao siyajui, na nyumbani kwangu mjukuu wangu wa miaka mitano alikuwa hali.

Alianza mara tu baada ya kumzika mama yake. Mama yake ni binti yangu, wa kike pekee niliyejaliwa. Alikwenda hospitali kujifungua mtoto wa tatu, na tukawazika yeye na kichanga chake katika kaburi moja, kijijini kwetu upande wa Kagongwa. Sisemi zaidi ya hapo kwa sababu bado siwezi. Baba yao anafanya kazi chini ya ardhi huko Bulyanhulu. Akipata mapumziko anakuja, anakaa ukingoni mwa kitanda anatazama ukuta, kisha anarudi kazini. Watoto wakabaki kwangu, dada mtu aliye darasa la nne na huyu mdogo wa chekechea.

Wala hakuwa mtoto wa kugoma. Anayegoma mnagombana, mnapatana, yanaisha. Huyu alikuwa anapokea sahani kwa mikono miwili, anamega tonge, anatafuna taratibu, nami nikienda kutazama sufuria na kurudi nakuta sahani nyeupe. Nikawa nasema, haya, ameshakula, Mungu mkubwa. Lakini kaptula zikawa zinamporomoka, na shingo yake ikawa nyembamba mpaka nikaogopa kumwogesha. Kliniki walimpima wakasema hana minyoo, hana malaria, ana njaa. Nesi akaanza kunitajia mayai, dagaa, karanga, boga, maziwa, kama vile mimi ni mtu wa kufundishwa chakula. Nikamjibu ovyo. Akanivumilia, akasema, "Mama, sikugombezi. Akiendelea hivi tutamlaza."

Kumlaza. Wodi ya watoto pale inatazamana na wodi ya wazazi, na kwa mlango ule nilishatoka mara moja mikono mitupu. Nilirudi nyumbani nimemshika mkono kwa nguvu mpaka akasema, "Bibi, unaniumiza."

Kwetu bibi na mjukuu ni watani, kwa hiyo nilijaribu na utani. Huyu ndiye mume wangu. "Mume gani hali kwa mke wake?" nikamwambia. "Kumbe una nyumba ndogo, wanakulisha huko?" Zamani angejirusha mkekani kwa kicheko na kunijibu kwamba yeye haoi kikongwe. Sasa alikuwa anatabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa kwenye nyumba ya watu.

Mwishoni mwa Oktoba mwalimu wake, binti kijana aliyesomea Nairobi, akatuma ujumbe kwenye kundi la wasapu la wazazi. Ijumaa shule itakuwa na Halloween, na kila mtoto aje na vitafunio alivyotengeneza mwenyewe, vya kutisha kwa sura lakini vyenye lishe, pipi na soda hapana. Kundi likawaka moto. Baba mmoja mlokole akaandika kwamba hiyo ni ibada ya mashetani. Mwingine akauliza kama kumbikumbi wanahesabika, maana wana lishe na wanatisha. Mimi nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikamuuliza dada mtu hiyo Halloween ni kitu gani.

"Ni siku ya wafu, bibi," akasema, bila kuacha kuchana nywele za mdoli wake. "Wanarudi kutembea. Wanagonga milango, wanaomba chakula."

Mdogo wake alikuwa mlangoni anachora chini kwa kijiti. Akainua kichwa.

"Wote?"

"Wote."

"Wanakula nini?"

Nilishika mwiko nikausahau mkononi. Tangu msiba mtoto yule hakuwahi kuuliza jambo lolote la chakula. Niliona mlango umefunguka, na sikutaka kujua nani kaufungua. Nikasema, "Wanakula vyote, mume wangu. Nenda kanawe mikono."

Alhamisi nilifunga biashara mapema, wachimbaji wakalalamika, nikawaambia waende wakale mawe yao. Tulitandika mkeka uani. Nilikuwa na boga kubwa la kienyeji, lenye ganda gumu linalotaka panga, nikalikata kifuniko, watoto wakaingiza mikono mpaka kwenye viwiko wakachota mbegu, tukazikaanga na chumvi. Tulichemsha matobolwa. Kwa asiyeyajua, ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani mpaka vikakauka, na ukivichemsha tena vinakuwa laini, vitamu, vya rangi ya udongo. Dada mtu akavichonga vikawa vidole vya maiti, kila kidole kikapata ukucha wa nusu ya karanga. Alifurahi kweli. Akanikimbiza navyo uani, nami nikapiga kelele ya uongo mpaka jirani akachungulia. Mayai tuliyachemsha tukayapa macho ya maharage. Ndizi tulizisimamisha kwenye maziwa ya mgando, tukazitia macho ya mbegu za papai, zikawa mizimu midogo inayooga. Kwa muda ule nilisahau. Nasema kweli, nilisahau kabisa kwamba nimefiwa.

Mdogo alikuwa amejitenga na sahani yake, ametugeuzia mgongo. Nikamwachia, maana anayekuja mwenyewe havutwi. Baadaye nikamsogelea kuona zimwi lake.

Halikuwa zimwi. Alikuwa amekata kipande cha boga lililoiva kikawa uso wa mviringo. Nywele alizipanga kwa michembe, vile vipande vyembamba vya viazi vikavu, safu kwa safu kutoka kwenye paji kwenda kisogoni, ule msuko wa twende kilioni. Mdomo ulikuwa unacheka, na meno yalikuwa mbegu za boga zilizobanana vizuri, isipokuwa katikati pale juu, ambapo alikuwa ameacha nafasi.

Binti yangu alikuwa na mwanya.

"Mume wangu," nikasema, "mwalimu kasema vitu vya kutisha."

"Hii siyo ya shule," akasema. Akainyanyua sahani kwa mikono miwili, akaipeleka mpaka kizingitini pa mlango wa mbele, akaiweka chini. Kando ya uso ule alikuwa ameongeza yai na vidole vya matobolwa. Akaitazama, akaona haitoshi. "Ngoja nilete na vile vingine."

Akaingia chumbani. Nikasikia kitu kinaburuzwa kutoka uvunguni, akatoka akivuta begi la mama yake, lile alilokwenda nalo hospitali. Lilirudi kwangu likiwa limefungwa, na sikuwahi kupata moyo wa kuligusa. Mtoto alilijua hilo. Alifungua zipu kama mtu aliyeizoea. Ndani, juu ya vitenge na nguo za kichanga ambazo hazikuvaliwa, kulikuwa na ndoo ndogo ya rangi, na ndoani matonge yangu ya ugali yaliyokuwa magumu kama kokoto, vichwa vya samaki, maandazi yenye ukungu, sisimizi wanapita. Ile harufu ya chumbani niliyokuwa nawasingizia panya ilikuwa hii.

"Nini hiki, mwanangu?"

"Chakula cha mama. Ana njaa."

"Nani kakuambia?"

"Yule bibi mtani. Siku ile."

Hapo nikakumbuka. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, na jirani yangu wa sokoni, Mzaramo muuza mitumba, alitusindikiza mpaka Kagongwa kuzika. Mtani msibani ana kazi yake. Wengine wanalia, yeye anamsemea marehemu na kuwachekesha wafiwa, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Vijana walipotaka kuanza kufukia, Mzaramo alikwea lundo la udongo, akawanyang'anya koleo. "Hafukiwi mtu hapa! Msukuma gani anazikwa na njaa? Huyu hajala tangu juzi. Mnataka akafike ugenini anaomba ugali? Leteni chakula kwanza!" Watu walicheka na machozi yao. Mimi mwenyewe nilicheka, na kicheko kile ndicho kilichonizuia nisijitupe shimoni. Wazee wakampoza kwa kitu kidogo, kama ilivyo desturi, akaachia koleo.

"Alisema walete chakula," mjukuu wangu akasema. "Hawakuleta. Walimpa hela, halafu wakamfukia."

Akarudi kizingitini, akakaa pembeni ya sahani, magoti yamekutana, anatazama njia.

Nilikwenda sokoni kwa hasira, najua hasira haina haki, lakini nilikwenda nayo hivyo hivyo. Nilimkuta Mzaramo anakunja masweta.

"Ewe Msukuma, umekuja kununua au kunuka?" akanianza, kama kawaida yake.

Sikumjibu utani. Nikamweleza yote, mpaka sisimizi. Akakaa juu ya rundo la nguo zake.

"Nilisema mimi hayo?"

"Ulisema wewe."

"Astaghfirullah." Akajifuta uso kwa sweta la mtu. "Nilikuona umesogea ukingoni, dada yangu. Nilikuwa natafuta ucheke tu, usije ukatutumbukia mule." Kisha akaanza kufunika meza yake kwa turubai, wateja wakiwa bado wamesimama. "Neno la mtani huliondoa mtani. Twende."

Alipofika hakupitia mbele. Alizunguka uani, akaliendea begi, akatoa kitenge kimoja cha binti yangu, akanitazama kuomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa. Mtani anaruhusiwa kuvaa nguo ya marehemu. Akajifunga kama alivyokuwa anajifunga mwanangu, fundo ubavuni, akazunguka nyumba na kuja kwa njia ya mbele, jua likiwa bado juu ya mabati ya majirani.

"Hodi."

Mtoto alisimama haraka. Kisha uso wake ukatulia. "Wewe ni bibi mtani."

"Ndiye mimi. Nimetumwa." Alichuchumaa mbele yake, na sijapata kumwona Mzaramo yule akiwa hana mzaha usoni. "Kule nilimsemea mama yako kwamba ana njaa, ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Sasa mtani anayemsemea mtu, ndiye anayemlia. Nikila mimi, amekula yeye. Umemwekea hiki?"

Alikubali kwa kichwa, lakini mkono wake ukaishika sahani. Dada yake alikuwa nyuma yangu, ameshika gauni langu.

"Akishiba," akauliza, "atakuja?"

Mzaramo aliniangalia. Nilitaka aseme ndiyo. Mungu anisamehe, mimi mtu mzima, nilitaka aseme ndiyo.

"Hapana, babu yangu. Akishiba atalala."

"Na asiposhiba?"

Mtoto akautazama ule uso wa boga, zile nywele alizozipanga safu kwa safu, ule mwanya. Alikuwa amemhifadhia njaa ile miezi yote, chakula akikiweka ndooni bila kumpelekea, kwa sababu mwenye njaa ana sababu ya kurudi nyumbani. Nilielewa pale, na naamini yeye alielewa zamani.

Akaisukuma sahani mbele.

"Basi ashibe."

Mzaramo alikula vyote. Alikula nywele, akala meno, akala lile yai la macho ya maharage, machozi yakimtiririka mpaka kwenye mikono, na hakuacha hata ganda la mbegu. Alibakiza kidole kimoja cha kiazi. "Huyu ameshiba," akasema. "Hiki anasema ni chako. Na ile ndoo ya akiba naondoka nayo mimi, asije akarudia kuhangaika."

Mjukuu wangu alikipokea kidole kile akakiweka mdomoni. Akatafuna, na alipokuwa anatafuna akaanza kulia. Hakuwa amelia tangu siku ile, hata kaburini. Alilia mdomo wazi, chakula kikionekana, akameza, akajifuta kwa kiganja.

"Bibi," akasema, "kuna yai lingine?"

Lilikuwapo. Nilimmenyea, akalila kwa mapande mawili kama wachimbaji wangu wanavyokula. Niliomba kwa miezi nimwone mtoto yule akila. Nikamwona, na nikajua kwamba yeye ameacha kumsubiri mama yake, na kwamba katika nyumba ile sasa anayemsubiri ni mimi peke yangu. Akanyoosha mkono tena. Nikammenyea la pili.