Babu Aliyegonga Chini ya Gari

Mjukuu wangu wa kike, Kabula, ni fundi magari hapa Bariadi, na wanaume ndio wanaokuja kumuuliza. Juzi alilala chini ya pikapu iliyokuwa ikigonga ko, ko, ko, nami nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Tulitoka kijijini Kasoli tukimpeleka mama hospitali kwa lori la pamba, baba akiwa mbele na dereva. Uchungu wa uzazi ulikuwa umemshika siku ya pili. Nilikilaza kichwa chake mapajani mwangu, nyuzi za pamba zikinata kwenye jasho lake. Kila tulipoingia shimoni, kitu kiligonga chini ya miguu yangu. Babu tulikuwa tumemzika majuzi, na tuliondoka bila kumuaga.

Nikapiga kelele, "Baba, babu anagonga! Anatuita!"

"Chuma tu hicho, mzee," dereva akasema.

"Wewe unamjua baba yangu? Geuza gari!" baba akafoka.

Tukarudi mpaka nyumbani. Baba akamwaga unga na maji kaburini, akaomba radhi. Tulipoondoka tena, kitu kiligonga vilevile kule chini. Mama alinyamaza kabla hatujafika hospitali. Nilidhani babu amemsamehe, amempa usingizi.

Kabula akatoka chini ya pikapu na kipande cha mpira kilicholika. "Bushi ya shokapu, bibi. Ikilika, chuma hugonga chuma."

"Gari likigonga hivyo linafika?"

"Linafika tu! Hata Mwanza. Hiyo ni kelele, bibi."

Nikamwomba kile kipande. Nimekifunga kwenye pindo la khanga, na hajaniuliza ni cha nini.